Spana Si Chuma Chakavu: Rai Kuhusu Zana Kuukuu za Nyalenda

Babu yangu mzaa baba alifariki mwezi wa Machi mwaka 2022, wakati ambapo biashara ya vyuma chakavu ilikuwa imepigwa marufuku nchini Kenya. Serikali ilikuwa imeisimamisha tangu tarehe 20 Januari mwaka huo kwa sababu ya uharibifu wa miundo ya umeme. Kwa ajili hiyo tu, sanduku lake la zana lilikaa chini ya kitanda nyumbani kwetu Nyalenda kwa muda wa majuma kadhaa bila ya mtu kulinyemelea. Marufuku ilipoondolewa mwezi wa Mei, hazikupita siku tatu kabla ya baba mdogo kulitoa nje. Mnunuzi alifika na mkokoteni na mizani ya kuning'iniza. Spana 31, zilizogandamana kwa kutu, zikapimwa kwa kilo mfano wa mihogo. Nilizinunua mimi, kwa fedha nilizokuwa nimeziweka za kunakilisha vitabu, na baba mdogo akaniuliza mbele ya watu: "Msomi wa mashairi, spana utazifanyia tahakiki?"

Watu walicheka. Makala haya ni jibu langu kwake, japo limechelewa. Aidha, ni jibu kwa mhadhiri mmoja aliyenishauri, kwa nia njema kabisa, niliache wazo la kutafiti lugha ya mafundi kwa kuwa "gereji si fasihi".

Kwanza tuitazame zana yenyewe. Spana ninazozizungumzia ni zile zenye midomo wazi ncha zote mbili, ambazo fundi huzipenyeza ubavuni mwa nati badala ya kuivisha kwa juu. Kichwa chake hakikunyooka sambamba na mkono. Kimeinama kwa nyuzi 15. Kwa muda mrefu nilidhani ni urembo. Kumbe nati yenye pembe sita hurudia umbo lake kila nyuzi 60, na mwinamo huo humwezesha fundi kuigeuza spana upande wa pili na kuendelea kufungua hata akiwa na nafasi ya nyuzi 30 pekee. Yeyote aliyewahi kulala chini ya gari katika gereji za Kibuye, mkono ukiwa umebanwa kati ya injini na bodi, anaijua thamani ya mwinamo huo pasipo kusoma jiometri.

Kisha kuna maandishi. Spana kongwe ni matini. Katika sanduku la babu mna yenye chapa ya King Dick wa Birmingham, iliyopewa jina la mbwa, na nyingine ina konokono, alama ya Thomas Smith wa Saltley, ambayo ni sehemu ya Birmingham hiyohiyo. Mbili zimeandikwa "W. Germany", na maandishi hayo peke yake yanatuambia kwamba zilifuliwa kabla ya mwaka 1990, nchi mbili za Kijerumani zilipoungana. Muhimu zaidi ni vipimo. Spana iliyoandikwa 1/2 W haina mdomo wa nusu inchi! Mdomo wake unakaribia milimita 23 na nusu, kwa sababu namba hiyo hutaja unene wa bolti, wala si upana wa nati. Huo ndio mfumo uliotokana na Joseph Whitworth, Mwingereza aliyependekeza usanifishaji wa hesi za bolti mwaka 1841. Naam, usanifishaji. Sisi tunaofundishwa habari za Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 na lahaja ya Kiunguja twapaswa kulitambua jambo hilo haraka: kabla ya Whitworth kila karakana ilikuwa na lahaja yake, na bolti ya fundi mmoja haikuingia katika nati ya fundi mwingine.

Whitworth alifika Kisumu kwa njia ya reli. Reli ya Uganda ilifika hapa, wakati huo pakiitwa Port Florence, mwezi wa Desemba mwaka 1901, na pamoja nayo vikaja vipande vya meli vilivyoundwa Uingereza, vikabomolewa, vikasafirishwa na kuunganishwa upya ufuoni. Jahazi la mvuke William Mackinnon liliingia majini mwaka 1900 hata kabla ya reli kufika. Nusu karne na zaidi baadaye mtindo ulikuwa ni uleule: MV Uhuru, kivuko cha mabehewa kilichoundwa Uskoti, kilikuja kwa vipande na kuunganishwa Kisumu katika miaka ya sitini. Babu alikuwa miongoni mwa vijana waliokuwa wakipokeza zana wakati huo. Katika daraja za karakana za reli, Mzungu alisimamia, Mhindi alikuwa fundi, naye Mwafrika akawa "spana boi". Cheo hicho kilidumu katika usemi wa gereji zetu muda mrefu baada ya bendera kubadilishwa, na hadi leo hupewa kijana anayejifunza kazi.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na shirika la pamoja la reli likagawanyika, mafundi wengi walijikuta mitaani. Sanduku la babu lilihama pamoja naye kutoka bandarini hadi Nyalenda. Tangu hapo lilihudumia pampu, vinu vya kusagia unga, pikipiki na injini za mashua za Dunga. Magari ya Kijapani yalipoenea, milimita zikatawala, na spana za Whitworth zikasalia sandukuni kama maneno ya kale katika utenzi: hayatumiki sokoni, lakini hakuna kingine kitakachofungua kifungu kile.

Sasa niseme kuhusu kutu, maana hapa ndipo nilipokosea. Spana ya kwanza niliipeleka kwa jirani mwenye mashine ya kusugulia vyuma. Kwa dakika mbili iling'aa kama kijiko cha harusi. Nilipoigeuza, herufi zote zilikuwa zimekwenda: jina la mtengenezaji, kipimo, na nukta tatu ambazo babu alizipiga kwa tindo ili zana zake zisichanganywe na za wenziwe. Nilikuwa nimefanya lile ambalo mhariri mwenye haraka huufanyia mswada wa kale. Ameusafisha hadi hakuna cha kusomwa.

Mzee mmoja wa karibu na Ring Road, aliyefanya kazi na babu, aliitazama, akaniambia kwa upole, "Japuonj, umeichuna ngozi." Ndipo aliponifundisha. Spana hulazwa katika mafuta ya taa usiku kucha, kisha husuguliwa kwa burashi ya waya, kwa mkono. Kutu iliyokaidi hutiwa katika siki kwa saa chache, wala si siku nzima, maana siki ikishamaliza kutu huanza kuila chuma chenyewe. Baada ya hapo huoshwa kwa maji yaliyotiwa magadi ili ukali wa siki ufe, hukaushwa juani mara moja, na hupakwa oili. Mdomo uliopanuka usipigwe nyundo ovyo. Na kamwe spana isitiwe motoni hadi iwe nyekundu, kwa kuwa ugumu ulioingizwa kiwandani kwa moto maalumu utapotea, nayo itabaki kuwa na sura ya spana isiyokuwa spana. Nimezifanyia kazi 22 hadi sasa. Zilizobaki zina nyufa, na mzee amekataa katakata zitumike.

Katika kukaa naye nilianza kuandika maneno, na daftari likanishinda kwa wingi wake. Chukua jina "karakana", lililotufikia kutoka Uajemi kwa njia ya Bara Hindi. Chukua "parafujo", ambalo ni la Wareno. "Spana", "nati" na "bolti" ni za Mwingereza. Ukilipanga sanduku la fundi juu ya meza umepanga historia ya bahari ya Hindi na ya reli, na yote yamo katika ngeli zetu bila ya kuomba ruhusa. Tazama pia sarufi. Fundi hasemi "nipe spana yenye kipimo cha milimita kumi na saba". Husema "lete kumi na saba", na ikipotea hulalamika: "Kumi na saba yangu imeibwa." Namba imegeuka nomino, imeingia katika ngeli ya I-ZI kwa kivuli cha spana isiyotajwa. Babu, aliyekuwa mtu wa inchi, alisema "lete robo tatu", na kijana wa leo humletea kumi na tisa. Asishangae msomaji: robo tatu ya inchi ni milimita 19 na kidogo, hivyo spana ya robo tatu iliyopimwa mdomo, si ya Whitworth, huifungua nati hiyohiyo. Wazee na vijana hawaelewani kwa maneno lakini mikono yao inaelewana.

Liko neno moja ambalo nilionywa nisilitie katika tasnifu. Spana ya kurekebishwa kwa kuzungusha skrubu ndogo, ambayo umbo lake tulizoealo huhusishwa na Msweden Johan Petter Johansson na mwaka 1892, mafundi wetu huiita "spana malaya". Sababu yao ni kwamba hufunguka kwa nati yoyote. Je, tulifiche? Mimi naona kulificha ni utovu wa uaminifu wa kitaaluma. Istiara hiyo ina hukumu mbili ndani yake. Ya kwanza ni ya ufundi: fundi stadi anaidharau spana hiyo kwa sababu haishiki imara, huteleza na kuzila pembe za nati, na mwenye kuitegemea huonekana mvivu. Ya pili ni ya kijamii, na ni mbaya: zana imelaumiwa kwa jina linalotupiwa wanawake, wala haikutafutwa tusi la mwanamume. Katika gereji moja ya mtaani kwetu yupo binti anayejifunza kazi. Nilimwuliza huiitaje. Akasema, "Mimi huiita ile ya kuzungusha." Katika jibu hilo mna uhakiki wa kifeministi kuliko katika kurasa nyingi nilizozipitia mwaka huu, nami pia ninajihesabu.

Rai yangu kwa walimu wetu na wanachama wenzangu ni hii. Tumefanya vyema kuhifadhi miswada ya tenzi. Nani asiyeufurahia mkusanyiko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam? Lakini tumezoea kudhani kwamba Kiswahili chenye kustahili kuhifadhiwa ni cha mwambao na cha karatasi. Kiswahili cha bara, cha mtu ambaye lugha yake ya kwanza ni Kidholuo na aliyekipata karakanani kutoka kwa Mhindi na Mkamba na Mganda, tunakisahihisha badala ya kukisikiliza. Wazee waliokitumia wanaondoka. Kila sanduku linalopimwa kwa kilo huondoka na majina ya vitu vilivyomo, kwani fundi huyakumbuka maneno akiwa na zana mkononi. Nilipomhoji mzee bila ya zana alinipa maneno machache mno, na nilipomwekea sanduku mbele yake hakunyamaza hadi magharibi. Naomba basi kwamba wanafunzi wa shahada ya kwanza, ambao kila mwaka hutumwa kukusanya methali na vitendawili vilevile kutoka kwa bibi zao, watumwe pia gerejini.

Najua nitaambiwa kwamba njaa haina makumbusho. Baba mdogo alikuwa na karo ya kulipa, na sikumlaumu wala simlaumu. Mimi mwenyewe nilikosa vitabu kwa muhula mzima. Tena sipendekezi zana hizi zitundikwe ukutani zikafungiwe kioo. Kisumu ina makumbusho yake tangu mwaka 1980, na Nairobi ina ya reli tangu mwaka 1971, nayo yanafanya kazi njema; ila spana iliyotundikwa haina wa kuiita kwa jina. Ninachotaka ni kwamba itengenezwe ili itumike, na alama zake zisifutwe, na anayeitumia aulizwe.

Mwezi uliopita mzee alikuja nyumbani jioni. Kulikuwa na mashine ya zamani ya Kiingereza, pampu ya maji, iliyomshinda mtu fulani huko Dunga. Milimita zote zilikuwa zimejaribiwa, na ile ya kuzungusha imeshazila nati mbili. Alilifungua sanduku bila ya kuniuliza, akapapasa, akatoa ya konokono, 3/8 W, yenye nukta tatu za babu bado zikisomeka. "Nitairudisha kesho," akasema. Haijarudi mpaka sasa. Nilipopita Dunga juzi nilimkuta ameilaza juu ya kitambaa pembeni ya pampu, naye anamfundisha kijana jina lake.