NYUMBA YAKO: Upepo Utokao Chini ya Sakafu

Tangu Juni hadi Agosti jua la Kerugoya hufichwa na mawingu kwa siku nyingi, na usiku hewa ya baridi huteremka kutoka mlimani ikifuata mabonde. Mwenye nyumba ya mawe huisikia mlangoni na dirishani. Bali yule akaaye katika nyumba ya zamani ya mbao, iliyoinuliwa juu ya nguzo, huisikia miguuni, kwa maana sakafu yake ina nyufa. Nyumba za namna hiyo zingaliko katika miji hii ya Mlima Kenya, na baadhi yetu makarani tumezipanga.

Yafaa kwanza tujue nyufa hizo zatoka wapi. Mbao iliyopasuliwa ikiwa mbichi hupungua inapokauka. Kwa urefu hupungua kidogo sana, lakini kwa upana ubao wa inchi 6 waweza kupoteza robo inchi. Tena kila mwaka huvimba kidogo wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Kwa hiyo saruji ikitiwa katika ufa haidumu: ubao husogea, saruji haisogei, nayo huvunjika vipande vipande.

Usiku wa upepo, washa kijiti, uzime mwali wake, kisha upitishe moshi karibu na sakafu. Mara nyingi utaona kwamba upepo mkubwa hautoki katikati ya chumba, bali pembeni, mahali sakafu ikutanapo na ukuta. Hapo zungushia ubao mwembamba, ukiupigilia ukutani wala si sakafuni, ili sakafu ipate nafasi ya kusogea.

Kwa ufa mwembamba hakuna kitu kilicho bora kama katani. Kwangua uchafu, sokota nyuzi, uzisukume ndani kwa kisu butu mpaka zizame kidogo. Mbao ikivimba, katani hubanwa bila kuinua sakafu. Ufa mpana wataka kipande cha mbao kavu, kilichochongwa chembamba upande wa chini. Kitie gundi ubavu mmoja tu, kigonge taratibu, kisha upitishe randa. Wako wajazao nyufa kwa magazeti yaliyolowekwa katika uji wa unga. Ni kazi rahisi, ila mende na panya huupenda uji huo kuliko sisi tulipendavyo gazeti.

Matundu ya hewa yaliyo chini ya nyumba usiyazibe kamwe. Hewa isipopita chini ya boriti, unyevu hukaa na mbao huoza.

Lakini neno lililonifanya nishike kalamu ni jingine. Katika nyumba nyingi za huku jiko la makaa huingizwa chumbani jioni, na watu hulala nalo. Makaa yakishakuwa mekundu hayatoi moshi, na kwa hiyo hudhaniwa kuwa hayana madhara. Kumbe hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushika damu mahali pa hewa tuivutayo, na mtu huanza kuumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, kisha hulegea na kulala asiamke. Karibu kila mwaka wakati wa baridi twasikia habari za jamaa waliokutwa hivyo asubuhi.

Sasa fikiri: nyumba yenye sakafu ya nyufa huingiza hewa mpya usiku kucha, upende usipende. Ukiisha kuziba sakafu vizuri, umeiondoa hewa hiyo pia. Familia iliyolala na jiko miaka mingi bila kudhurika yaweza kupatwa na hatari mwaka ule ule wa matengenezo. Basi acha tundu la hewa juu, karibu na dari, ambapo upepo hauwapigi waliolala. Lakini usidhani kwamba tundu hilo latosha kwa jiko. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata likionekana kuwa majivu matupu, kwa kuwa chini yake makaa hukaa saa nyingi yakiwaka.

Ukimkuta mtu amelegea chumbani penye jiko, fungua milango na madirisha upesi, umtoe nje kwenye hewa safi, kisha umpeleke hospitali hata kama amezinduka. Watoto walalao chini wawekewe gunia lililojazwa maganda makavu ya mahindi, kisha mkeka, na blanketi juu yake.