Kipimo cha Siku ya Kisasi

Mkuu wa chuo akiangushwa kwa tuhuma za wizi wa maandishi, baraza za Mji wa Kale hugawanyika. Huyu atasema mwizi ni mwizi; yule atajibu, aah, hiyo ni siasa tu. Mimi nasema nyote mwasema nusu.

Chukueni ya Harvard. Claudine Gay, mtu mweusi wa kwanza kukiongoza chuo kile, alihojiwa na wabunge wa Marekani tarehe 5 Desemba 2023 kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi. Siku chache baadaye wanaharakati wa mrengo wa kulia wakaanika maandishi yake. Chuo kilikiri kuna mahali hakutaja ipasavyo alikotoa maneno, ila kikasema hakuvunja kanuni za utafiti. Tarehe 2 Januari 2024 akajiuzulu. Basi kasoro zilikuwepo, na waliozianika walikuwa wakiwinda kiti, si kulinda elimu. Yote mawili ni kweli, na moja halifuti jingine.

Kwetu Kenya wanasiasa hata hawajisumbui kufukua maandishi. Mwaka 2016 magavana waliongoza maandamano Eldoret kumpinga Profesa Laban Ayiro, aliyeteuliwa kukaimu uongozi wa Chuo Kikuu cha Moi. Hoja haikuwa ameandika nini. Ilikuwa atoka wapi!

Na pale pasipo kiti cha kugombewa, nani hujali jasho la mtu? Hapa Mombasa, katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alimsaidia mmishonari W. E. Taylor kukusanya tungo za Muyaka. Diwani ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940, mhariri William Hichens. Sisemi Hichens aliiba. Nauliza tu: Sikujua, wangapi wamjua?

Ndiyo maana nadai jambo moja, kuanzia chuo chetu pale Tudor hadi Nairobi: maandishi ya kila anayeomba uongozi yachunguzwe kabla hajateuliwa, na matokeo yawekwe wazi. Kipimo kiwe kilekile anachopimwa mwanafunzi na tasnifu yake. Atakayekutwa na hatia asikipate cheo, awe wa kwetu au wa kwao.

Lakini mtu anayejua wizi leo, akaufungia kabatini hadi siku atakapomhitaji mwizi aanguke, huyo msimwite mlinzi wa elimu. Kwa muda wote ule aliokaa kimya, alikuwa mshirika wake.