Presha ya Mama Mjamzito Yamhusu Askari Pia

Ni jambo la kawaida katika makambi yetu kumsikia askari, hata mwenye cheo, akisema kwamba habari za mimba ni za wanawake wenyewe. Kauli hiyo yafaa ikomeshwe, kwa kuwa upo ugonjwa mmoja ambao mama hawezi kuugundua peke yake, nao ni shinikizo la damu la wakati wa mimba, ambalo sote twaliita presha.

Mimba ikiisha kutimiza majuma 20, mama aliyekuwa mzima kabisa aweza kupatwa na presha pasipo kusikia maumivu yoyote. Kipimo kikifika 140 kwa 90, daktari hana budi kumwangalia kwa makini; kikifika 160 kwa 110, hapana wakati wa kungoja. Mkojo nao hupimwa, kwani protini ikizidi humo huenda figo zimeanza kudhurika. Kisha huja kichwa kisichotulia, macho kuona vimulimuli, na maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia. Asipotibiwa, aweza kuangukia kifafa cha mimba. Hapo ndipo jirani husema ni mapepo, na saa za kumwokoa zikapotea nyumbani kwa mpunga pepo.

Dawa ipo, wala si ya bei kubwa. Salfeti ya magnesiamu ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Lakini ni sindano ya hospitali, na mama lazima afikishwe huko.

Hapa ndipo ninapowageukia maafande wenzangu. Tangu Machi 2007, Uganda ilipoanza kupeleka wanajeshi Somalia, nyumba nyingi zimezoea kukaa bila baba kwa miezi mingi. Polisi naye huhamishwa leo kwa amri ya jana. Mume akiwa mbali na simu yake haipatikani, ni nani atakayetoa nauli saa nane za usiku? Wapo wake ambao hata wakiwa hoi hungoja ruhusa ya mume. Basi ruhusa na nauli ziachwe kabla ya safari, tena mbele ya jirani. Na kamanda aombwapo gari la kumpeleka mama huyo, asiulize kama ni kazi ya jeshi; askari ambaye moyo wake umebaki nyumbani hawezi kushika lindo lake sawasawa.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri mama mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8. Tena kifafa chaweza kutokea hata baada ya kujifungua, na aliyepata presha ya mimba huwa katika hatari zaidi ya maradhi ya moyo miaka ya mbele. Kwa hiyo mume arudipo kutoka kazini akakuta mtoto amezaliwa salama, kabla ya kumchinja mbuzi na aulize mama alipimwa presha lini.