Karanga Hazina Kesi

Orodha huanza na karanga. Hufuata chokoleti, mayai, chipsi, maziwa, na siku hizi ngano na nyanya pia. Kijana mwenye chunusi kali, zile za majipu yanayouma hata akilalia shavu, hufika kwa daktari akiwa amebakiwa na wali mweupe, mchicha na maji ya moto yenye ndimu, na uso uko vilevile. Waliompa orodha si watu wabaya: shangazi, rafiki wa bwenini, muuza dawa za asili, mshauri wa lishe wa mtandaoni. Wana hoja zao, na si zote za kupuuzwa.

Hoja kongwe kuliko zote ni kwamba chunusi ni uchafu wa damu unaotafuta pa kutokea. Damu husafishwa na ini na figo, na figo zikishindwa kazi mtu huvimba miguu na kuishiwa nguvu, hatoki chunusi. Chunusi huanzia kwenye kinyweleo. Mtu akibalehe, homoni za androjeni huziamsha tezi za mafuta. Seli zilizokufa hushikamana na kuziba mlango wa kinyweleo, mafuta yanajaa nyuma yake, na bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, mkazi wa kawaida wa ngozi ya kila mmoja wetu, anastawi humo. Kinga ya mwili inakuja kupambana, na hapo ndipo uvimbe na usaha. Chunusi zikiwa kali, ukuta wa kinyweleo hupasuka kwa ndani na vilivyomo vikamwagika ndani ya ngozi. Kovu huzaliwa hapo. Kuharisha wiki nzima kwa dawa ya kusafisha damu hakuzibui kinyweleo hata kimoja.

Wauzaji wa dawa hizo wana kinga yao: zikipungua, dawa imefanya kazi, zikizidi, uchafu ndio unatoka. Dai ambalo haliwezi kushindwa kwa matokeo yoyote yale si ushahidi wa kitu.

Hoja ya pili huja na karatasi, kwa hiyo inatisha zaidi. "Nimepimwa damu, nikaonyeshwa vyakula vinavyonikataa." Karatasi yenyewe ina safu za vyakula na rangi tatu: kijani kula, njano punguza, nyekundu acha kabisa. Kinachopimwa mara nyingi ni kingamwili ziitwazo IgG. Tatizo ni kwamba mwili wenye afya hutengeneza IgG kwa vyakula ulivyozoea kula. Ni kama daftari la jikoni, linaandika kilichopita mezani. Mla mayai wa kila asubuhi ana nafasi kubwa ya kukuta mayai kwenye nyekundu, na mnywaji wa chai ya maziwa akakuta maziwa. Ndiyo maana majibu hayo hugonga ndipo: yanakataza kile hasa unachokula, nawe unashangaa wamejuaje. Mwaka 2008 jopo la wataalamu wa mzio wa Ulaya, chini ya chama chao cha EAACI, lilitamka wazi kwamba vipimo vya IgG4, aina mojawapo ya IgG, havifai kutambua mzio wa chakula.

Mzio wa kweli wa chakula una sura yake. Ule unaohusu kingamwili za IgE huja ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi: midomo inavimba, ngozi inawasha na kutoka mabaka, mtu anatapika au anabanwa pumzi. Ukila kamba ukapata hayo, wahi hospitali. Lakini mzio hauzibi vinyweleo, wala hauchagui kidevu na mgongo ukakaa hapo miaka minne.

Wasomi zaidi huleta Kitava. Hoja hii naiheshimu. Mwaka 2002 Loren Cordain na wenzake walichapisha habari za wakazi 1,200 wa kisiwa cha Kitava huko Papua New Guinea, na Waaché 115 wa Paraguay, ambao hawakukutwa na chunusi hata moja. Basi, wanasema, chakula ndicho kila kitu. Kwanza, watu hao wanatofautiana nasi kwa mengi, nasaba ikiwemo, na kuwatazama tu hakuwezi kutenga sababu moja. Pili, hebu tazama wanachokula Kitava: viazi vikuu, viazi vitamu, matunda, samaki na nazi kwa wingi. Ni mlo ambao Mpemba angeketi nao bila kuuliza swali. Wanga upo, mafuta yapo. Anayeutumia utafiti huo kumkataza mtu tui la nazi ameusoma kichwa chini.

Halafu kuna lawama kwamba madaktari hawataki kusikia habari za chakula. Kwa miaka mingi lawama hiyo ilikuwa na haki. Vitabu viliegemea jaribio la mwaka 1969 la Marekani lililoisafisha chokoleti kwa washiriki 65, ilhali kipande cha kulinganishia kilikuwa nacho kimejaa sukari na mafuta. Jaribio la namna hiyo lingeweza kuitetea kakao tu. Mwaka 2007 watafiti wa Melbourne waliwachukua wanaume 43 wa miaka 15 hadi 25 kwa wiki 12. Waliokula vyakula visivyopandisha sukari ya damu haraka walipungukiwa chunusi 23 na nusu kwa wastani. Kundi la kulinganishia nalo lilipungukiwa 12.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayojibu ushuhuda wote wa "niliacha kitu fulani nikapona". Chunusi hupanda na kushuka zenyewe, na mtu huacha mkate siku uso ulipochafuka kupita kiasi, yaani siku ambayo nafuu ilikuwa njiani hata bila yeye kuacha chochote. Hata hivyo tofauti ilikuwepo, na waliobadili mlo walipungua uzito pia. Kwa hiyo kupunguza soda, maandazi na sukari kwenye chai ni ushauri mzuri. Kuhusu maziwa, tafiti za kuuliza watu zimeonyesha uhusiano, tena hata kwa maziwa yaliyotolewa mafuta, kwa hiyo mafuta si mshukiwa mkuu. Unga wa protini ya maziwa wanaokunywa vijana wa gym una kesi zilizoripotiwa. Huo acha uone. Ila tukumbuke vijana wa Melbourne hawakuwa na chunusi za majipu.

"Hata kama haisaidii, haidhuru." Hapa ndipo ninapokosa subira. Kila mwezi wa kujaribu mlo mpya ni mwezi wa makovu mapya, na kwa ngozi nyeusi, madoa yanayokaa miezi mingi. Isotretinoini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982 kwa chunusi za aina hii, hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa na chakula chenye mafuta. Aliyejinyima mafuta anaipoteza nusu njiani. Ina masharti mazito, la kwanza likiwa kwamba mwanamke asishike mimba akiitumia, maana huharibu mtoto tumboni, kwa hiyo si ya kununua kiholela. Na binti ambaye hedhi inaruka miezi huku ndevu zikimwota kidevuni anahitaji kuchunguzwa homoni, si kunyimwa mtindi.

Ajabu ni kwamba tunaipekua sahani huku meza ya kujipambia haiguswi. Mafuta mazito ya nywele huziba vinyweleo vya paji la uso. Mkorogo wenye steroidi huleta chunusi zake. Vitamini B12 ya sindano au vidonge yaweza kuziamsha. Kituo cha magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wahudumu wa ngozi tangu miaka ya 1990, na wengi wao wako hospitali za mikoani. Ukienda kumwona mmoja, beba kila kopo na tyubu unayopaka, hata lile lisilo na jina, na utaje kila sindano uliyochomwa.