Printa Inataka Nini Kwenye Kiini cha Kompyuta?

Kuna faili moja dogo liitwalo SSPORT.SYS. Lilisambazwa pamoja na programu za printa za HP, Samsung na Xerox kuanzia mwaka 2005, likakaa kimya kwenye mamilioni ya kompyuta hadi Julai 2021, watafiti wa kampuni ya SentinelOne walipoeleza hadharani kwamba lina tundu. Modeli za printa zilizohusika zilizidi 380. Kwa miaka 16, mtu aliyeingia kwenye kompyuta yenye faili hilo, hata kwa akaunti ya kawaida isiyoruhusiwa kubadili chochote, angeweza kujipandisha daraja hadi kuwa mtawala wa mashine nzima: azime kinga ya virusi, asome mafaili ya kila mtu, afute alichotaka.

HP ilitoa kiraka Mei 2021. Swali langu ni kiraka hicho kingefikaje Dutwa.

Dutwa ni kata ya Wilaya ya Bariadi mkoani Simiyu, kwenye barabara ya Bariadi kwenda Lamadi. Nje ya Simiyu wengi wanaijua kwa nikeli iliyo ardhini mwake. Wenyeji wanaishi kwa pamba, mazao ya chakula na mifugo. Katika senta za namna hii, mlango wa serikali mtandao ni steshenari. Aliyemaliza kidato cha sita anajaziwa maombi ya mkopo wa elimu ya juu hapo, cheti chake cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA hapo, na miaka michache baadaye anarudi kupandisha barua yake kwenye mfumo wa ajira. Mwenye duka anaombewa TIN. Mwalimu analeta flashi yenye mtihani wa wiki ijayo ili uchapwe na kutolewa kopi za darasa zima. Namba za NIDA, namba za simu, sahihi za wazazi na picha za pasipoti zote zinapita kwenye kompyuta moja, na nyingi zinabaki humo kwa sababu hakuna anayekumbuka kuzifuta.

Sasa tazama siku kompyuta hiyo inapokataa kusoma printa. Kijana anayeiendesha anasema, "Samahani mwalimu, nivumilie kidogo, draiva imegoma." CD iliyokuja na printa ilishapotea. Draiva ni programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa, kwa hiyo anaandika jina la printa kwenye Google na kufungua tovuti ya kwanza inayogawa draiva bure, ambayo si ya mtengenezaji. Windows inafifisha kioo kizima na kuuliza kama anairuhusu programu hii ifanye mabadiliko. Anabonyeza kukubali kabla hajamaliza kusoma, maana foleni imefika mlangoni. Printa inanguruma, karatasi inatoka, mwalimu analipa na kuondoka. Fundi aliyepiga Windows kwenye mashine hiyo naye alifanya vivyo hivyo kwa kadi ya sauti na waifai, akitumia mkusanyiko wa draiva anaotembea nao kwenye flashi kutoka duka hadi duka.

Kijana huyu simlaumu. Lakini ni vizuri tuelewe alichokiruhusu. Programu ya kuandikia barua hukaa ngazi ya chini ya mfumo. Ikitaka kugusa diski au kumbukumbu ya programu nyingine, lazima ipitie ruhusa. Kiini cha mfumo hakiombi ruhusa kwa yeyote. Draiva nyingi huishi ndani ya kiini hicho, mfano wa fundi bomba aliyekabidhiwa funguo za vyumba vyote ili abadilishe koki moja. Draiva ikipokea maagizo kutoka kwa programu yoyote bila kuyakagua, programu hiyo nayo imeshika funguo. SSPORT.SYS ni faili la draiva ya namna hiyo, na kosa lake lilikuwa la msingi kabisa: lilipokea maandishi pamoja na urefu wake kutoka kwa mtumiaji, likayanakili bila kuhakikisha kwamba yanaenea kwenye nafasi iliyotengwa, na yaliyofurika yakaandikwa juu ya kumbukumbu ya kiini. Zaidi ya hapo, faili hilo hupakiwa kila kompyuta inapowashwa, printa iwe imechomekwa au iliuzwa zamani.

Hiyo ni njia moja, ya tundu lililokwishawekwa ndani ya nyumba. Ya pili ni mshambuliaji kuja na draiva yake. Anakuwa tayari amepata haki za msimamizi, pengine kwa sababu duka zima linatumia akaunti hiyo moja, kisha anapakia draiva halali ya kampuni inayoheshimika, yenye udhaifu unaojulikana, ili afike kwenye kiini na kuua kinga ya virusi. Mwaka 2020 kampuni ya Sophos ilieleza jinsi programu ya kudai fidia iitwayo RobbinHood ilivyotumia draiva ya bodi za kompyuta za Gigabyte kwa kazi hiyo. Lazarus, kundi linalohusishwa na Korea Kaskazini, lilitumia ya Dell mwaka 2021 dhidi ya watu wa Uholanzi na Ubelgiji. Na tusidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Mwaka 2023 kundi la Medusa liliweka hadharani mafaili ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya Kenya. Machi 2025, FBI na shirika la usalama wa mtandao la Marekani, CISA, walitahadharisha kwamba washambuliaji wa Medusa hujaribu kutumia draiva dhaifu au zenye saini kuzima kinga za kompyuta wanazozivamia.

Wataalamu wengine hujibu kwamba ulinzi upo, kwa kuwa Windows za kisasa hukataa draiva isiyo na saini ya kidijitali. Hapa ndipo nisipokubaliana nao. Saini inathibitisha nani ametengeneza kitu, haithibitishi kwamba amekitengeneza vizuri. Draiva ya Gigabyte ilikuwa na saini. Ya Dell pia. Tena Microsoft ilipokaza masharti mwaka 2016, iliendelea kuzipokea draiva zilizosainiwa kwa vyeti vilivyotolewa kabla ya tarehe 29 Julai 2015, ili vifaa vya zamani visikwame. Ipo pia orodha ya draiva zilizopigwa marufuku, inayofanya kazi yenyewe kuanzia toleo la Windows 11 la mwaka 2022. Lakini mwaka huohuo mtafiti Will Dormann alionyesha kwamba orodha hiyo kwenye Windows 10 ilikuwa imekaa miaka bila kusasishwa, na Microsoft ikalazimika kurekebisha. Windows 10 yenyewe iliacha kupewa masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mtumba tunazonunua ni kuukuu mno kukidhi masharti rasmi ya Windows 11.

Basi nani abebe mzigo? Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayomwadhibu mvamizi baada ya kuvamia. Ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayomtaka kila anayekusanya au kuchakata taarifa za watu azilinde. Kwa sheria hii ya pili mwenye steshenari wa Dutwa ana wajibu, na ni haki awe nao. Afungue akaunti mbili, ya msimamizi akae nayo mwenyewe na ya kawaida apewe kijana wa kazi. Draiva zitoke kwa mtengenezaji au kwa Windows yenyewe. Mafaili ya wateja yafutwe jioni. Hayo hayahitaji fedha. Lakini yanaziba zaidi ile njia ya pili; kwa SSPORT.SYS akaunti ya kawaida haikuwa kinga, kwa sababu tundu lenyewe lilikuwa ngazi ya kupandia kutoka akaunti hiyo. Mwenye duka angefanya kila alichoelekezwa na bado angekuwa wazi, kwa kosa la mhandisi wa kampuni kubwa ambayo sheria zetu hizi mbili haziiulizi lolote kuhusu kifaa ilichouza.

Ndiyo maana nasema mzigo uende juu: kwa mtengenezaji, kwa mwagizaji, na kwa serikali kama mnunuzi mkubwa. Umoja wa Ulaya umeshachukua hatua. Sheria yake ya ustahimilivu wa mtandao, iliyoanza rasmi Desemba 2024, itamtaka mtengenezaji wa bidhaa yenye programu atoe masasisho ya usalama kwa kipindi alichokitangaza, ambacho kwa kawaida hakitapungua miaka mitano. Masharti makuu yataanza tarehe 11 Desemba 2027. Kwetu TCRA inaidhinisha vifaa vya mawasiliano na TBS inasimamia viwango vya bidhaa. Hatuhitaji kuunda chombo kipya ili tumdai mwagizaji wa printa aandike kwenye boksi ni hadi mwaka gani kifaa chake kitapata viraka, na vinapatikana wapi.

Hoja ya kupinga ni bei, nami naichukulia kwa uzito. Ukipiga marufuku kompyuta za mtumba kesho, Dutwa itabaki bila steshenari, na yule mhitimu wa kidato cha sita atapanda gari hadi Bariadi mjini kujaza fomu. Sitetei marufuku hiyo. Ninachotetea ni kuanza na fedha za umma: shule, vituo vya afya na ofisi za kata vinavyonunua kupitia mfumo wa NeST viandike kwenye zabuni kwamba printa lazima ichape bila draiva ya mtengenezaji kuingia kwenye kiini. Jambo hili linawezekana leo. Viwango vya IPP na Mopria vinaruhusu kompyuta kuzungumza na printa ya mtengenezaji yeyote kwa lugha moja ya pamoja. Microsoft yenyewe ilitangaza Septemba 2023 kwamba itaacha hatua kwa hatua kuhudumia draiva za printa za watengenezaji wengine. Kutuma ukurasa kwenye karatasi hakujawahi kuhitaji funguo za kumbukumbu yote ya kompyuta. Ilikuwa mazoea ya wahandisi, na wateja hatukuuliza.

Tuna muda hadi Desemba 2027. Siku hiyo ikifika, kifaa kipya kisichokidhi masharti hakitaruhusiwa kuingia sokoni Ulaya. Mwenye nacho atatafuta nchi ambayo haiulizi kuhusu viraka, na kwa sasa mwagizaji anayeshusha printa bandarini Dar es Salaam haulizwi.