Embu na Meru: Ni Mji Gani Ufaao Mwili?

Karani apatapo barua ya uhamisho huuliza kwanza kodi ya nyumba, kisha huuliza shule. Ni wachache waulizao maji yatoka wapi, au kama mtoto aweza kwenda shuleni kwa miguu bila kugongwa na pikipiki. Juma hili, wasomaji wetu, twaipima miji miwili jirani kwa mizani ya siha.

Yote miwili ilianza kama maboma ya Serikali ya Kiingereza, Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908, nayo imekaa juu ya mitelemko ya Mlima Kenya. Meru iko juu zaidi na baridi yake ni kali zaidi. Mwenye kifua kibovu ataijua mwezi wa Julai. Mtu wa Embu ana hatari nyingine. Akishuka Mbeere au Mwea kwa shughuli za siku mbili, ameingia nchi ya mbu, na asipochukua chandarua hurudi na homa.

Embu ina mto Rupingazi, Meru ina Kathita. Maji hayo hutoka mlimani yakiwa safi, lakini kabla ya kufika mjini yamekwisha kupita mashamba ya chai, na ya kahawa yanyunyizwayo dawa, na chini ya mji huongezewa taka zetu wenyewe. Ayatekaye mtoni na ayachemshe, katika mji wowote.

Kwa chakula Meru yashinda. Nenda soko la Gakoromone asubuhi uone ndizi, viazi vitamu, nduma na mboga za kila namna. Ajabu ni kwamba karani huyapita hayo yote akaenda kununua chipsi na soda, kisha akifika miaka 45 hushangaa kuambiwa ana sukari. Mkulima asiyekuwa na mshahara hula vizuri kuliko yeye.

Liko jambo ambalo watu wa sehemu hizi hawapendi kulizungumza, yaani majani. Miraa ya Nyambene na muguka wa Mbeere zimesomesha watoto wengi, wala hatumlaumu mkulima. Uingereza ilipiga miraa marufuku mwaka 2014, na nyumba nyingi za Meru zikapungukiwa. Mwezi wa Mei 2024 Mombasa ilikataza muguka, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha amri hiyo. Basi biashara yaweza kutetewa mahakamani, usingizi hauwezi. Kijana atafunaye usiku kucha halali, hali chakula, na asubuhi huendesha pikipiki yenye abiria wawili.

Miji yote miwili ina hospitali kubwa ya daraja la tano, na uwanja wa michezo uliopata kufanyiwa sherehe za Madaraka: Kinoru mwaka 2018, na Embu mwaka 2023. Katika hayo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Kwa karani mwenye watoto wadogo sisi twaichagua Embu, kwa sababu moja tu: ni mji mdogo, na shughuli zake nyingi hutimizwa kwa miguu. Meru imetawanyika juu ya vilima na mabonde, hata mtu mzima hukata tamaa akapanda pikipiki. Ila huyo wa Embu atafute nyumba upande ule ule wa barabara kuu iliko shule, maana magari yaendayo Meru hayapunguzi mwendo.