Bomba la mafuta Kagera: Ardhi ya Muleba imo katika vitabu vya nani?

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

MKULIMA wa Muleba aliyelipwa fidia ya migomba na mibuni yake ili kupisha Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki (EACOP) ameshafunga hesabu. Fedha alizipokea, akasaini, kibanja kikapungua. Lakini katika vitabu vya kampuni inayomiliki bomba, fedha hizo hizo hazijafungwa. Huko ndiko zimeanza maisha mapya, zikihesabiwa ndani ya gharama ya kile ambacho wahasibu hukiita mali za kudumu.

Jambo hili huonekana kuwa la wataalamu wa mahesabu peke yao. Sivyo. Bomba hilo lina urefu wa kilometa 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani mkoani Tanga, na kilometa 1,147 kati ya hizo zimo katika ardhi ya Tanzania. Linapoingia nchini hupita kwanza Missenyi, Bukoba Vijijini, Muleba na Biharamulo. Wanahisa wake ni TotalEnergies ya Ufaransa yenye asilimia 62, mashirika ya mafuta ya Tanzania (TPDC) na Uganda (UNOC) yenye asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China yenye asilimia nane.

Kampuni ya EACOP haitachimba mafuta wala haitayauza. Kazi yake ni huduma ya usafirishaji, ambayo ada yake ilikubaliwa kuwa Dola za Marekani 12.77 kwa kila pipa. Kwa hiyo sehemu kubwa mno ya mizania yake ni vitu vya kukaa muda mrefu: mabomba yenye kipenyo cha inchi 24, vituo vya kusukuma mafuta, matangi ya Chongoleani, na mfumo wa umeme wa kuyapasha moto mafuta njiani. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, na yasipowekwa katika nyuzi joto zipatazo 50 huganda.

Hapo ndipo EACOP inapotofautiana na kampuni nyingine za huduma zilizopata kazi katika mradi huo huo. Katika visima vya Tilenga wamo ZPEB ya China na SLB, iliyojulikana kama Schlumberger hadi mwaka 2022. Kule Kingfisher yumo COSL. Nao pia wana mali za kudumu, lakini mtambo wa kuchimbia hufunguliwa, hupakiwa na kupelekwa nchi nyingine kazi ikiisha. Bomba lililofukiwa ardhini halina pa kwenda. Thamani yake yote inategemea mafuta ya bonde moja, na mafuta hayo yakipungua kuliko ilivyotarajiwa, viwango vya kimataifa vya uhasibu huitaka kampuni ipunguze thamani ya mali vitabuni hata kama chuma chenyewe hakijapata kutu.

Kila mwaka mali hiyo hukatwa uchakavu. Tuchukue mfano mwepesi. Gharama ya mradi imekuwa ikitajwa kuwa takriban Dola bilioni 5. Ikigawanywa sawasawa kwa miaka 25, kila mwaka Dola milioni 200 zitatolewa katika faida kabla ya kodi, bila senti moja kutoka benki. Mhasibu mwingine anaweza kukata kwa kufuata mapipa yanayopita, na hapo miaka ya mwanzo yenye mafuta mengi itabeba mzigo mkubwa zaidi. Anayesubiri kodi au gawio la TPDC anapaswa kujua ni njia ipi imetumika, kwa sababu faida ya kwenye karatasi huishi na kufa kwa uamuzi huo.

Thamani ya vitabuni ikifika sifuri, kitu chenyewe hakitoweki. Watu wa Bukoba hawahitaji kufundishwa hilo. MV Victoria ilianza kazi ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikasimama mwaka 2014, ikafanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi majini mwaka 2020. Ukarabati wa namna hiyo, unaoongeza umri wa chombo, huingizwa upya katika mali, wakati kubadilisha oili ni matumizi ya kawaida tu.

Turudi kwenye kibanja. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, hivyo kampuni haiwezi kuiandika kama kiwanja ilichonunua. Inachokuwa nacho ni haki ya kuitumia kwa kipindi fulani, na haki hiyo nayo huandikwa kama mali na kupungua mwaka hadi mwaka. Wakati wa ujenzi ukanda huo una upana wa mita 30. Mgomba unaotunzwa vizuri huweza kuzaa kizazi baada ya kizazi mahali pale pale. Katika hesabu za mradi umepewa malipo ya mara moja. Mwandishi huyu haoni kosa la kihasibu hapo, ila anaona vitabu viwili vinavyopima kipande kimoja cha ardhi kwa saa tofauti.

Liko deni jingine ambalo halizungumzwi sana. Viwango hivyo hivyo vya uhasibu vinasema kwamba mwenye mtambo akiwa na wajibu wa kuuondoa na kurejesha ardhi katika hali yake, makadirio ya gharama hiyo huongezwa katika thamani ya mali tangu mwanzo, na upande wa pili huandikwa kama deni. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa Februari 1, 2022, na kibali cha ujenzi cha EWURA kikafuata mwaka 2023. Siku ya kufunga bomba itakapowadia, madiwani wa leo watakuwa wamestaafu zamani. Kiasi kilichoandikwa katika mstari huo wa deni, na mahali fedha zake zinapotunzwa, ni swali la halmashauri za Muleba na Missenyi sawa na lilivyo la Paris.

Pa kuanzia papo. Uwekezaji wa TPDC katika EACOP ni sehemu ya hesabu za shirika hilo la umma, ambazo huwa chini ya ukaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Ripoti zake za mwaka huwasilishwa bungeni kwa kawaida mwezi Aprili.